Kiyoyozi Kilichovishwa Sweta

Kiyoyozi kiliingia nyumbani kwa Fundi Geti kikiwa kimebebwa na watu wawili na kusindikizwa na nusu ya mtaa. Muuza maji aliegesha mkokoteni katikati ya njia ili aone vizuri. Kinyozi alitoka nje na mkasi mkononi, akamwacha mteja kitini na nusu ya kichwa. Fundi Geti mwenyewe alitangulia, kifua mbele, akiwaonya wabebaji kwa sauti iliyowafikia hata wasiohusika.

"Taratibu, jamani! Hilo si gunia la viazi. Hicho ni kiyoyozi!"

"Cha nani?" kinyozi aliuliza, ingawa wiki nzima alikuwa ameambiwa hadi amechoka.

"Cha mama yangu."

Hapo sauti yake ilishuka, kwa sababu mama yake hakuwepo. Alikuwa kwa Dada Mkubwa, upande wa pili wa mji, tangu siku alipoanguka uani kwa joto na daktari akasema presha yake haitaki mchezo: alale kwenye chumba cha baridi, la sivyo wajiandae kumlilia. Fundi Geti hakuwa na baridi ya kumpa. Dada Mkubwa alikuwa nayo hadi sebuleni. Akamchukua mama siku hiyo hiyo, akasema ni kwa muda tu, na ule muda ukaota mizizi.

Sasa Fundi Geti alikuwa ameuza pikipiki yake, mkewe ameongezea akiba yake ya kufuma, na Dada Mkubwa amekubali mama arudi kwa majaribio, kama mtu anayeazimisha sufuria. Sharti lake alilitoa kwa simu, kwa sauti ile ile anayowatolea watu walio chini yake ofisini.

"Atakaa kwako mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo nakuja kumwona. Nikimkuta anatoka jasho, hata tone, naondoka naye, na habari hii tusiizungumze tena. Umenielewa, mdogo wangu?"

"Nimekuelewa, dada."

"Hebu rudia."

Akarudia. Mwanamume mwenye watoto na karakana yake, anarudia maneno ya mtu kwenye simu kama mwanafunzi aliyechelewa darasani. Mkewe alikuwa pembeni, amesikia kila kitu, lakini alijifanya anatafuta sindano iliyomdondoka. Alimpenda mumewe, na alijua kuna mambo ambayo mke mwema hayasikii.

Kukichagua kiyoyozi chenyewe tu kulikuwa kisa kizima. Dukani, muuzaji mwenye tai aliwauliza swali la kwanza, nalo ndilo lenye maana kuliko yote: chumba kina ukubwa gani? Fundi Geti, ambaye hupima milango ya watu hadi unene wa ukucha, hakuwa amekipima chumba cha mama yake. Yeye alikuja na swali lake.

"Hiki kina nguvu kuliko cha dada yangu?"

"Cha dada yako ni cha aina gani, mzee?"

"Kikubwa."

Muuzaji alimtazama kwa upole wa mtu aliyekwisha kukutana na akina kaka wengi. "Mzee wangu, kiyoyozi kikikizidi chumba, kinapuliza kidogo kinazima, kinawaka tena kinazima, kutwa hivyo hivyo. Umeme unaliwa, na chumba kinabaki na unyevunyevu. Kama ni chumba cha mtu mmoja, chako ni hiki hapa."

"Kidogo hivyo?"

"Mume wangu," mkewe akasema taratibu, "tunamweka mama humo, hatuweki samaki."

Watu waliokuwa dukani wakacheka, na Fundi Geti akanunua kile kidogo kwa hasira. Ulikuwa uamuzi sahihi kabisa. Ulikuwa pia wa mwisho kuwa sahihi kwa muda mrefu.

Aliyekuja kukifunga aliitwa Fundi Baridi, mtu wa maneno mengi aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Sehemu ya ndani aliifunga ukutani juu ya dirisha la chumba cha mama, ambaye nyumbani kila mtu alimwita Bibi, na ile mashine ya nje akaiweka uani, chini ya ukingo wa paa. Alipomaliza alisimama mlangoni, akajipangusa mikono na kuanza kuhubiri.

"Sasa nisikilizeni. Hiki cha ndani kinavuta hewa kwa juu, kinaitoa kwa chini. Ile ya nje ndiyo inayotupa joto lote la chumbani. Vyote viwili vinapumua. Msivizibe. Vichujio mnavitoa, mnaviosha, mnavikausha, kila baada ya wiki mbili tatu. Na hiyo rimoti msiishushe mpaka chini kabisa mkadhani ndiyo baridi itakuja mbio. Ishirini na nne, ishirini na tano, mama analala usingizi wake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," wakajibu kwa pamoja.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyesikia. Fundi Geti alikuwa anaitazama mashine ya nje akiona wezi. Juzi tu mashine kama ile ilikuwa imeng'olewa kwenye ukuta wa duka la dawa, ukabaki ukuta na mabomba yananing'inia, na tangu hapo Fundi Geti hakuwa na raha. Nusu ya milango ya chuma ya mtaa ule ilitoka mikononi mwake. Kwake yeye, kitu kisichokuwa na nondo kilikuwa kitu cha kila mtu.

Mkewe naye alikuwa anakipima kile cha ndani kwa macho, urefu kwa upana. Mtaani waliitwa akina Fundi Geti na Mama Vitambaa, na jina la mama huyu halikutoka hewani. Alifuma vitambaa vya kuuza na vya kwake, na nyumbani mwake hakuna kitu kilichokaa uchi. Televisheni ilikuwa na kitambaa, redio ilikuwa na kitambaa, friji, chupa ya chai, hata kiti ambacho hakikaliwi. Mgeni akikaa mahali pamoja muda mrefu bila kujitikisa, alikuwa hatarini.

Bibi aliletwa kesho yake. Alikuwa kikongwe mfupi mwenye macho ya kuchokoza, na ulimi wake presha haikuugusa hata kidogo. Akaketi kitandani, baridi ikamshukia begani, akakitazama kile kidude ukutani na kumgeukia mwanawe.

"Yaani mmeniweka kwenye friji, nisichachuke."

"Mama, unaonaje lakini?"

"Naona vizuri. Na hapo ukutani patafaa kitambaa."

Mama Vitambaa akasema, "Nilijua tu kwamba mama ataliona hilo!"

Siku zile za mwanzo nyumba ilikuwa na furaha ya waziwazi. Wajukuu walifanya kazi zao za shule chini ya kitanda cha Bibi. Mama Vitambaa alihamishia ufumaji wake humo, wakasengenya watu hadi jua likazama. Fundi Geti alikuwa akitoka karakana na mikono michafu, anachungulia dirishani mara tatu nne kwa siku na kuuliza, "Mama, baridi ipo?" na Bibi anajibu, "Ipo, baba, imekaa hapa karibu yangu tunazungumza." Basi anarudi kuchomelea huku anapiga mluzi. Alikuwa mtu mzima, lakini kuwa na mama yake ndani ya nyumba kulimfanya atembee kama mtoto aliyepewa sare mpya.

Akaanza kutengeneza banda la chuma la kuilinda ile mashine.

Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Aliweka nondo nene mbele, mabati pande zote mbili na juu, akachomelea maua kwenye pembe na kufunga makufuli mawili. Na kwa kuwa mwizi wa siku hizi huingiza mkono mahali popote, akaongeza bati jingine hata mbele ya feni, akaacha tundu la kupitisha vidole tu. Mtaa ulikuja kutazama. Kinyozi alisema hata yeye angependa kufungwa humo.

Mama Vitambaa hakutaka kushindwa. Siku ile ile alimaliza kitambaa cha kiyoyozi: kizito, cha uzi wa sufu, cha rangi ya maziwa, chenye maua mekundu mbele na mashada ya nyuzi chini. Kilikikaa vizuri kuanzia juu hadi ubavuni. Aliacha mdomo wazi ili baridi itoke, maana yeye si mjinga. Juu, ambako hewa huingia, ndiko alikoweka ua kubwa kuliko yote.

Baada ya siku chache Fundi Geti alichungulia dirishani kama kawaida.

"Mama, baridi ipo?"

"Leo imechoka kidogo," Bibi akasema.

Kesho yake ikawa imechoka zaidi. Siku ya tatu kiyoyozi kilikuwa kinanguruma na kutoa hewa ya vuguvugu, kama mtu aliyemaliza kupanda ngazi. Mume na mke wakaanza kutafuta mchawi. Fundi Geti alisema ni umeme mdogo. Mama Vitambaa alisema ni vumbi la karakana, akafuma kitambaa cha pili cha ndani, chembamba, cha kuzuia vumbi lisipite kwenye kile cha kwanza. Fundi Geti naye akaona huenda jua linaipiga mashine, akatandika gunia juu ya banda. Rimoti waliishusha hadi mwisho wa namba. Kila walipokitunza zaidi, kiliugua zaidi, na hakuna aliyejiuliza.

"Kitambaa chako ndicho kinachokichosha," Fundi Geti alisema jioni moja.

"Kitambaa hakina uzito hata wa nusu kilo. Hilo jumba lako la chuma je? Si ndilo linalovuta joto?"

"Jumba langu liko nje!"

"Na joto liko wapi?"

Wakapigiana kelele mpaka Bibi akagonga ukuta. Fundi Baridi walimpigia simu asubuhi na jioni. Kila wakipiga alikuwa njiani, na njia yenyewe sijui ilikuwa ya kwenda wapi. Bibi hakulalamika. Mchana alifunguliwa dirisha, akapepewa na wajukuu kwa kifuniko cha ndoo, akawa anasema baridi nyingi nayo si nzuri kwa magoti. Fundi Geti alimtazama akisema hivyo na akaogopa. Akiogopa, alikuwa anafoka, kwa hiyo wiki ile kila mtu alifokewa.

Jumapili ikafika kama deni.

Asubuhi nyumba ile ilikula njama. Chini ya kitanda cha Bibi liliwekwa beseni la barafu. Mashuka mabichi yakatundikwa dirishani, eti yanaanikwa. Feni ya mezani ikafichwa nyuma ya pazia na kuambiwa ipulize polepole, na mtoto mkubwa akaonywa kwamba shangazi akiuliza jambo lolote, jibu ni "sijui, shangazi". Bibi aliogeshwa maji ya baridi, akapakwa poda shingoni, akakalishwa kitandani akiwa ameegemea mito. Aliyatazama maandalizi yote hayo kwa utulivu wa mtu anayetazama mchezo wa kuigiza ambao anaujua mwisho wake.

Dada Mkubwa alishuka kwenye gari jeupe, kwa viatu vya kisigino vilivyozama kwenye mchanga wa uani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa sahihi, na jambo hilo huchosha walio karibu naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Shikamoo, wifi," alisema Mama Vitambaa, akimpisha kiti chenye kitambaa kipya.

"Marahaba." Dada Mkubwa hakukaa. Alivuta hewa puani, akaangalia mashuka, akaangalia pazia lililokuwa linatikisika bila upepo. Kisha akanyoosha mkono wake chini ya kiyoyozi na kuuacha hapo. Fundi Geti alikuwa amesimama pembeni akijikaza kisabuni, jasho lake mwenyewe likimshuka mgongoni kama mchwa.

"Mbona hewa yake kama ya kupumuliwa na mtu?"

Mama Vitambaa alianza kukinyoosha kitambaa cha kile kiti. Ndipo Bibi alipopiga kelele kutoka kitandani.

"Jamani, kipunguzeni! Mtaniua kwa baridi! Mkwe wangu, nipe lile blanketi."

Mama Vitambaa alimkodolea macho. "Blanketi, mama?"

"Blanketi! Lile zito. Huoni ninavyotetemeka?"

Na kweli akatetemeka. Alitetemeka mabega, akatetemeka kidevu, akagonganisha meno machache aliyobakiwa nayo. Blanketi lilipokuja alilivuta hadi kwenye masikio, akajikunyata na kusema, "Afadhali. Tangu juzi nawaambia kipunguzwe, hawasikii. Watoto wa siku hizi wanapenda baridi kama wamezaliwa mlimani."

Dada Mkubwa alichanganyikiwa. Shati lake la hariri lilikuwa limeshaanza kumganda. Alijigusa shingo, akajigusa paji la uso. "Labda ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Labda nina homa."

"Utakuwa na homa, mwanangu," Bibi akasema kwa huruma. "Nenda ukapumzike."

Mama Vitambaa aligeukia ukutani akauma kitambaa alichokuwa nacho mkononi ili asicheke. Fundi Geti naye kicheko kilimpanda hadi kooni. Amepona! Dada yake ameshachukua mkoba, ameshapiga hatua kuelekea mlangoni, na alichotakiwa kufanya Fundi Geti duniani siku ile ni kunyamaza tu, kazi ambayo hata jiwe huiweza. Akamtazama mama yake ili wakonyezane.

Bibi hakumkonyeza. Poda ya shingoni ilikuwa imegeuka uji. Jasho lilikuwa linatoka chini ya kilemba, linapita kwenye mfupa wa shavu na kuingia sikioni, naye hakulifuta, kwa sababu kulifuta kungekuwa kukiri. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alikuwa anapumua kwa mdomo, kidogo kidogo, macho ameyakaza kwenye mgongo wa binti yake kama mtu anayehesabu hatua za askari anayeondoka. Fundi Geti akakumbuka maneno ya daktari, na kicheko kikamshuka.

"Dada," alisema. "Mama anadanganya."

"Nyamaza wewe," Bibi akanong'ona.

"Anadanganya, dada. Hakifanyi kazi. Kina wiki sasa. Mama anaungua humo ndani."

Akamvua mama lile blanketi mwenyewe. Gauni la Bibi lilikuwa limelowa kama limetoka kwenye ndoo.

Sitayarudia yote aliyoyasema Dada Mkubwa, mengine hayamfai mtu wa cheo chake. Wakamtoa Bibi nje, wakamkalisha kivulini uani, wakampa maji taratibu, wakamfuta kwa kitambaa kibichi mpaka pumzi yake ikatulia. Mama Vitambaa alikuwa analia huku anapepea. Fundi Geti aliingia ndani, akapanga nguo za mama yake kwenye begi bila kuambiwa na mtu, akalipeleka garini kwa mikono yake. Moyo ulimuuma, lakini mikono ilifanya kazi.

Dada Mkubwa alirudi chumbani kuchukua mkoba aliousahau, na huko akanyanyua macho. Walimsikia kutoka nje.

"Hiki kitu mmekivisha sweta?"

"Si sweta, wifi," Mama Vitambaa akajibu kutoka uani, machozi yakimtoka lakini heshima ya kazi yake ikiwa bado hai. "Ni kitambaa cha kukinga vumbi."

"Viwili?"

"Cha pili ni chepesi."

Dada Mkubwa alivuta kile cha kwanza, akavuta cha pili, akafungua kifuniko na kutoa kichujio. Hakuna hata mwanga uliopita humo; vumbi na manyoya ya sufu vilikuwa vimeshikana kama godoro. Alitoka nacho nje amekishika kwa ncha za vidole, na hapo uani akakutana na banda la chuma lenye maua, mabati, makufuli na gunia. Akaligusa na kuuondoa mkono haraka, maana lilikuwa la moto kama sufuria.

"Na huyu wa nje, ana kesi gani mpaka mmemfunga jela?"

Fundi Geti alimtazama mkewe, mkewe akamtazama Fundi Geti.

"Yule fundi alisema vinapumua," Mama Vitambaa akasema polepole.

"Nilidhani anakuambia wewe, kuhusu vitambaa vyako."

"Na mimi nilidhani anakuambia wewe. Kuhusu nondo."

Bibi, kutoka kivulini, alicheka mpaka akakohoa. Hakuna mwingine aliyecheka. Fundi Geti alikwenda karakana, akarudi na grenda. Alisimama mbele ya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, akayaangalia yale maua ya pembeni mara moja, kisha akaiwasha grenda. Cheche ziliruka uani. Alikata bati la mbele, akakata la ubavuni, akatupa gunia. Dada Mkubwa, kwa sababu jua lilikuwa limesogea na kumfikia mama yake, alifungua mwavuli akausimamisha juu ya kichwa cha kikongwe, huku visigino vyake vikizidi kuzama.

"Wa nini sasa kukata?" alimuuliza mdogo wake grenda iliponyamaza. "Mama si anaondoka?"

"Aende. Lakini siwezi kukiacha hivi."

Kichujio kilioshwa bombani, kikapepewa, kikarudishwa kikiwa kikavu. Wakakiwasha kiyoyozi. Kwa muda kilinguruma bila kuahidi kitu. Kisha mashine ya nje ikaanza kutupa joto lake lote uani, moja kwa moja kwenye sketi ya Dada Mkubwa, na Mama Vitambaa akapaza sauti kutoka chumbani kama aliyejifungua mtoto.

"Baridi! Baridi imekuja!"

Dada Mkubwa aliingia akaweka mkono tena. Ilikuwa kweli. Uso wake ulilegea kidogo, kwa kuwa ni vigumu kukasirika vizuri katika chumba chenye ubaridi. Hata hivyo neno lake lilikuwa neno.

"Ni vizuri. Lakini nilisema tone moja, na mimi nimekuta bahari. Mama, twende."

"Mchukue, dada," alisema Fundi Geti. Alikuwa amebaki kizingitini, mikono imejaa masizi. "Sina neno. Ningenyamaza ningemuua."

Bibi alikuwa amekwisha kuingia polepole, akishikilia ukuta, na kuketi kitandani pake. Akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Mmemaliza?" akauliza. "Huyu ananitoa, huyu ananipokea. Huyu anasema mchukue, huyu anasema twende. Tangu nilipoanguka hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

"Mama, kwangu kuna baridi ya uhakika," Dada Mkubwa akasema.

"Ipo. Lakini asubuhi ukienda kazini unaiweka rimoti kwenye mkoba, asiichezee mtu. Nikisikia baridi navaa, nikisikia joto navua. Kutwa nzima peke yangu navaa na kuvua, mpaka nimezijua nguo zangu kwa majina."

Mkono wa Dada Mkubwa ulikwenda wenyewe kwenye mkoba wake na kuukumbatia. Alikuwa ameona aibu, na aibu kwake ilikuwa kitu kigeni. Hakujua atazame wapi.

"Nilikuwa nakutunza, mama."

"Najua. Hata hawa walikuwa wananitunza. Mmoja kwa sufu, mmoja kwa bati."

Dada Mkubwa alikaa ukingoni mwa kitanda. Nyumba yake ilikuwa kubwa, watoto wake walikuwa wameshaondoka mmoja mmoja kwenda kwenye maisha yao, na tangu mama alipokuja alikuwa anawahi kurudi kutoka kazini. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, wala hakulisema sasa. Aliuliza tu, na sauti yake haikuwa ile ya ofisini.

"Basi nakuuliza leo. Unataka kukaa wapi?"

"Wewe ni msomi, mwanangu, unauliza jambo lililo wazi," Bibi akasema. "Mtu hajifuniki blanketi kwenye joto kwa ajili ya mahali asipopapenda."

Dada Mkubwa alilia. Hakulia sana, alilia kama mtu anayeogopa kuharibu kazi ya uso wake, kisha akaacha kuogopa. Mama Vitambaa alimpa kitambaa cha kwanza kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa cha kiyoyozi. Alipokwisha kujifuta aliinuka, akatoka hadi kwenye gari na kufungua mlango wa nyuma. Fundi Geti alikimbilia kumpokea lile begi.

"Niache," akamwambia. "Niliyemtoa hapa ni mimi. Nitamrudisha mwenyewe."

Akalibeba mpaka ndani, viatu vikimpotoa mguu kila hatua, akalisukuma chini ya kitanda, na beseni la barafu likamwagika, naye hakujali. Bibi alisogea ukutani, akapigapiga godoro kwa kiganja.

"Panda. Toa hivyo viatu, upande. Umechoka wewe."

Akapanda. Akalala ubavu, magoti ameyakunja, kichwa karibu na bega la mama yake, na chumba kikaanza kupoa kweli kweli. Mama Vitambaa alikuwa tayari ameketi kwenye kiti chake na sindano ya kufumia. Fundi Geti alibaki amesimama pale kizingitini, nusu ndani nusu nje, anajitazama masizi yake, anataka kuingia na anaona haya.

"Wewe nawe, baba," alisema Bibi bila kufumbua macho, "ingia au toka, lakini funga mlango. Baridi inatoka."